Andika Kabla Hujagusa

Kila mwaka vyuo vyetu vinatoa vijana wenye stashahada na shahada za TEHAMA, na wengi wao kazi ya kwanza wanayoipata, iwe ya mkataba au ya kujitolea, ni ya dawati la msaada: kufunga printa, kurudisha nywila zilizosahaulika, kupokea simu za watu ambao mfumo umewagomea saa tatu asubuhi huku foleni ya wateja ikirefuka dirishani. Wakiuliza wajiandae vipi, majibu huwa tayari. Somea vyeti vya A+ na CCNA, jifunze Linux, jua kukata na kubana kebo, zoea kufungua mashine. Ushauri huo ni mzuri na sina ugomvi nao. Lakini baada ya kuifanya kazi hii muda wa kutosha, na kuwapokea wengi walioianza, nimefikia imani moja ambayo nataka kuitetea hapa: anayekua katika kazi hii ni yule anayeandika. Nasema kuandika kwa maana ya kawaida kabisa, yaani tatizo limeelezwaje, limeonekana wapi na lini, kimejaribiwa nini, kimebadilishwa nini, na limeishaje. Tena nasema aanze kuandika kabla ya kugusa chochote, ingawa wengi wetu tumezoea kuandika mwishoni, kama tunaandika kabisa.

Sababu inaanzia kwenye namna matatizo yanavyofika dawatini. Mtumiaji haripoti hitilafu. Anaripoti kazi yake iliyokwama. Karani anaposema mtandao hakuna, anachokijua kwa hakika ni kwamba ukurasa wa kutolea namba ya malipo haufunguki. Chukua mfano ambao kila aliyehudumia ofisi zenye mashine za zamani anaufahamu. Umeme umekatika usiku na asubuhi umerudi. Kompyuta inawaka vizuri, alama ya mtandao chini ya skrini iko sawa, lakini kila tovuti inayofunguliwa inaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Anayeanza kazi huenda moja kwa moja kwenye ruta, anaizima na kuiwasha, na idara nzima inakatika kwa dakika kadhaa kwa ajili ya mashine moja. Akitoka hapo anabadilisha kebo, kisha anaondoa kivinjari na kukisakinisha upya. Saa nzima imekwisha. Chanzo kiko pembeni ya skrini ambako hakuna aliyetazama: saa ya kompyuta inaonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, ya volti 3, inayoiwezesha saa kuendelea wakati umeme haupo. Betri ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi ilikowekwa kiwandani. Kivinjari kikikagua cheti cha usalama cha tovuti kinakuta cheti ambacho, kwa tarehe ya mashine ile, muda wake wa kutumika haujaanza, na kinakataa kuendelea. Katika ofisi zinazotumia domeini ya Windows usumbufu unaweza kuwa mkubwa zaidi, kwa sababu utaratibu wa Kerberos wa kumtambua mtumiaji, kwa mpangilio wake wa kawaida, hauvumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya mashine na saa ya seva.

Sasa tazama kalamu inavyobadilisha mwendo huo. Anayelazimika kuandika mstari wa kwanza hana budi kuuliza: ni tovuti ipi, mashine ya jirani inafungua au haifungui, ilianza lini, na onyo linasema nini neno kwa neno? Jibu la swali la pili peke yake linaiokoa ruta. Jibu la nne linataja cheti au tarehe, na vivinjari vya siku hizi mara nyingi hueleza waziwazi kwamba saa ya kompyuta si sahihi. Wachache hulisoma onyo hilo kwa sababu mkono unakimbilia kulifunga. Ukurasa wa daftari ungekuwa hivi: Jumatatu, saa 3:10 asubuhi, masjala, mashine ya dirisha la pili. Anasema mtandao hakuna. Jirani anafungua. Onyo la cheti. Tarehe ya mashine ni ya Januari 2015. Kisio: betri. Saa imerekebishwa, tovuti imefunguka, betri imeombwa. Basi. Sisemi kwamba mtu hawezi kuuliza maswali hayo bila kalamu. Mafundi wakongwe huyauliza kichwani na hufika. Anayeanza hana uzoefu huo bado, na njia ya kuupata ni kuyatoa maswali nje, yaonekane kwenye karatasi, mpaka yawe tabia.

Faida kubwa zaidi haionekani siku hiyo. Inaonekana miezi kadhaa baadaye, pale daftari linapoonyesha kwamba mashine ya karani, ya mhasibu msaidizi na mbili nyingine za masjala zote zilipoteza tarehe, na zote zililetwa kwa zabuni moja mwaka mmoja. Hapo mtu haparamii tena mashine moja moja. Anaandika ombi la betri za chumba kizima, kitu cha bei ndogo kuliko karibu kila kifaa kingine kilichomo ofisini, na zile simu zinakoma. Wataalamu wa usimamizi wa huduma za TEHAMA walilitambua jambo hili zamani. Mwongozo wa ITIL, uliozaliwa katika ofisi ya Serikali ya Uingereza miaka ya 1980, unatofautisha tukio, yaani huduma imekatika na inatakiwa irudi haraka, na tatizo, yaani chanzo kinachozalisha matukio. Dawati la msaada husifiwa kwa kumaliza matukio. Lakini hakuna njia ya kutoka kwenye matukio kwenda kwenye tatizo isipokuwa kumbukumbu, kwa kuwa chanzo hakijidhihirishi katika tukio moja. Kinajidhihirisha matukio yakipangwa pamoja. Fundi asiyeandika anaweza kuwa hodari wa matukio kwa miaka na asiwahi kukiona chanzo hata kimoja. Watu wa namna hiyo wapo wengi, wana mikono myepesi na wanapendwa, na ofisi zao zinasumbuliwa na jambo lilelile kila masika umeme unapoanza kukatika ovyo.

Kuna kuandika kwingine ambako nakuona kuna uzito kuliko huko, nako ni kuandika kilichobadilishwa. Septemba 2021 masasisho ya usalama ya Windows yalileta usumbufu katika ofisi nyingi zinazochangia printa kupitia kompyuta moja. Mtu akijaribu kujiunga na printa alipata kosa lenye namba 0x0000011b. Fundi aliyeandika kwamba printa ya uhasibu haichapi alikuwa hajaandika kitu, kwa sababu printa hukataa kuchapa kwa sababu chungu nzima. Aliyeinakili ile namba, sifuri na moja zake zote, alikuwa na pa kuanzia, maana namba ya kosa ndiyo inayomkutanisha na mafundi wa miji mingine yote waliokuwa wakihangaika na kosa hilohilo. Mpaka hapo ni faida ya kawaida. Jambo zito liko kwenye dawa iliyosambaa. Ilikuwa ni kuingia kwenye rejista ya Windows ya kompyuta inayoshirikisha printa, kuongeza thamani iitwayo RpcAuthnLevelPrivacyEnabled, na kuiweka 0. Printa zikarudi kuchapa. Lakini thamani hiyo inazima ulinzi uleule ambao masasisho yalikuja kuuwasha, ulinzi uliokusudiwa kuziba udhaifu katika huduma ya uchapishaji. Kwa siku mbili tatu, ofisi ikiwa na hati za mishahara za kuchapa, uamuzi huo unaweza kutetewa. Kwa miaka mitatu hauwezi. Kinachoamua kama zitakuwa siku tatu au miaka mitatu ni kuwapo kwa mahali palipoandikwa kwamba tarehe fulani, katika mashine fulani, ulinzi huu ulizimwa kwa sababu hii, na urudishwe ufumbuzi wa kudumu ukipatikana. Palipoandikwa, hata mtu aliyeajiriwa mwaka uliofuata anaweza kuurudisha. Pasipoandikwa, ofisi inaishi na tundu ambalo hakuna anayejua kwamba lipo. Hili ndilo ambalo, kwa maoni yangu, mafunzo mengi hayalisisitizi vya kutosha: kijana wa dawati la msaada anabadilisha usalama wa ofisi karibu kila siku, kwa vipande vidogo vidogo, na mara nyingi ndiye peke yake anayejua.

Kuna watakaosema kwamba mwajiri haulizi daftari, anauliza cheti. Ni kweli, na sitamdanganya kijana kwamba daftari litamfungulia mlango uliofungwa kwa sharti la cheti. Anayeweza kukipata akipate. Kwa wengi gharama yenyewe ni kikwazo. Mtihani wa A+ wa CompTIA, uliopo tangu 1993, una sehemu mbili na kila moja inagharimu zaidi ya dola 200 za Marekani, fedha ambayo anayejitolea kwa nauli hana. Lakini tazama mtihani huo unafundisha nini. Una hatua sita za kutafuta hitilafu: tambua tatizo, kisia chanzo, pima kisio lako, panga suluhisho na ulitekeleze, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, kisha andika ulichokiona, ulichokifanya na matokeo yake. Watahiniwa huikariri orodha hiyo na kuijibu vizuri. Wakifika kazini hatua ya sita ndiyo ya kwanza kuachwa, kwa sababu imewekwa mwisho, wakati mtumiaji ameshashukuru na kuondoka na simu nyingine inaita. Ushauri wangu ni kuisambaza hatua hiyo ndani ya zile tano. Tatizo liandikwe kama lilivyosemwa. Kisio liandikwe kabla ya kupimwa, maana lililoandikwa likikosewa linaonekana limekosewa, na lile la kichwani hujigeuza polepole likafanana na jibu lililopatikana, kisha mtu anaamini alijua tangu mwanzo. Kinachobadilishwa kiandikwe pamoja na hali yake ya awali. Anayefanya hivyo akifika mwisho amebakiwa na mstari mmoja tu.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi ni la muda, na linatoka kwa watu wanaofanya kazi kweli. Hospitali ya wilaya ina afisa TEHAMA mmoja, wagonjwa wamejaa mapokezi, mfumo wa usajili hausomi kadi za bima, na huyo afisa anaambiwa habari za daftari. Nalichukulia kwa uzito. Mgonjwa akiwa anasubiri, huduma irudi kwanza na kalamu isubiri. Hata hivyo saa kama hizo si saa zote, na muda wa fundi hauliwi na kuandika. Unaliwa na kurudi chumba kilekile kwa jambo lilelile. Unaliwa na kutafuta upya dereva ya skana iliyokwisha kutafutwa mwaka jana, na kumpigia simu mtoa huduma wa intaneti bila kuijua namba ya mkataba, na kufuata kebo juu ya dari kwa sababu hakuna aliyeandika soketi ipi inaingia tundu lipi la swichi. Hili la mwisho linaniuma kupita mengine, kwa kuwa dawa yake ni lebo na jedwali la ukurasa mmoja, kazi ya mchana mmoja inayomalizika mara moja, na bado kuna majengo ambayo kila mgeni anayeajiriwa anaanza upya kupanda ngazi. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani, dawati lililokuwa na vipimo vya siku za kawaida, kasi ya kutoka, kasi ya ndani, muda wa kuifikia seva ya ofisi, liliweza kujua haraka kwamba mtandao wa ndani uko vilevile na tatizo liko nje. Lisilo na cha kulinganisha nacho halikuwa na njia ila kuanza kufungua ruta. Anayebanwa na muda ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kumbukumbu, na mistari mitatu ya mwandiko mbaya inamtosha.

Pingamizi zito kuliko yote halisemwi kwa sauti. Ni kwamba ukiandika unachokijua umekata tawi ulilokalia. Fundi pekee anayejua kwa nini seva ya masjala isipowashwa kwa utaratibu fulani haishiki mtandao hawezi kuondolewa kirahisi. Aliyeandika kila kitu anaweza kubadilishwa kesho na mwingine anayekubali kulipwa kidogo. Katika mazingira ambamo vijana wengi wanaingia kwa kujitolea na mkataba haujulikani utakuja lini, woga huo haustahili kudharauliwa. Una mizizi pia. Ufundi wetu wa gereji, wa cherehani na wa redio umerithishwa kwa kukaa pembeni ya fundi na kutazama, na fundi ndiye aliyeamua siri ipi aitoe na lini. Kompyuta nazo zilituingia kwa namna iliyoikuza tabia hiyo. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na zuio hilo lilipolegezwa na mashine zikaanza kuenea, waliozijua walikuwa wachache mno kwa wingi wa kazi iliyokuwapo. Elimu ikakaa vichwani mwa watu, na aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa kubembelezwa.

Lakini hesabu ya woga huo si sahihi, na nataka kuipiga upya. Kwanza, siri inayofichwa kwa kawaida ni ndogo na inachakaa. Ni siri ya seva moja, ya printa moja, ya nywila ya ruta moja. Ofisi za umma zimekuwa zikihamia kwenye mifumo ya pamoja inayoendeshwa kutoka makao makuu, na siku masjala ikihamia huko, aliyekuwa mjuzi wa ile seva ya chumbani anabaki na ujuzi usio na kazi. Pili, asiyeweza kuachiwa nafasi yake hawezi kutoka hapo. Likizo yake inakatizwa kwa simu, na linapotokea jambo kubwa zaidi la kufanya, kufunga mtandao wa jengo jipya au kwenda kusoma, mkuu wake anasita kumtoa kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Nimeona watu wakichukulia kule kusita kuwa heshima. Tatu, na hili ndilo ningependa kila anayejitolea alitafakari, kazi ya msaada haiachi alama. Jengo likijengwa linaonekana. Mtandao usiokatika hauonekani. Mwaka mzima wa kazi nzuri unaweza kupita na mkuu wa idara akabaki na picha ya siku moja tu, ile ambayo projekta iligoma mbele ya wageni. Daftari ndilo ushahidi pekee kwamba mengine yote yalifanyika, na kijana asiye na mkataba ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya ushahidi. Sikatai kwamba wapo wakuu wasio waungwana, watakaolichukua daftari na kumwacha aliyeliandika. Wapo. Ila mkuu wa namna hiyo hamwajiri mtu hata akificha. Anamtumia mpaka siri iishe, kisha anamtafuta mwingine wa kujitolea.

Halafu kuna wanaosema dawati la msaada lenyewe halina muda mrefu, kwamba akili mnemba itajibu maswali ya watumiaji na mashine zitatengenezwa kutoka mbali, kwa hiyo kijana ajifunze kitu kingine. Yatapungua mengi, hilo nakubali. Kurudisha nywila si kazi ya kudumu ya mwanadamu. Lakini kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5, ndege zikasimama, benki na hospitali zikakwama. Nyingi ya mashine hizo hazikuweza kutengenezwa kutoka mbali, kwa kuwa zilikuwa zikianguka kila zinapowaka. Ilibidi mtu akae mbele ya kila moja, aiwashe katika hali salama, aingie kwenye folda ya programu ile na kufuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291. Palipokuwa na diski zilizofungwa kwa BitLocker, mashine ilidai kwanza ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Waliokuwa na funguo hizo mahali panapofikika walisonga mbele mashine baada ya mashine. Wengine waligundua kwamba funguo zimehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Ujuzi wa kufuta faili ulikuwa wa wote, uliandikwa kila mahali siku hiyohiyo. Kilichowatenganisha watu ni kumbukumbu waliyokuwa wameiweka kabla. Akili mnemba nayo ina ujuzi wa wote bila kumbukumbu hiyo. Inalijua kosa la 0x0000011b kuliko mimi. Haijui kwamba printa ya uhasibu imeunganishwa kupitia kompyuta ya mtu aliyehamishiwa Dodoma na ambayo sasa huzimwa kila Ijumaa. Anayeweza kuieleza hayo, kwa sababu ameyaandika, ataitumia vizuri. Asiyeweza atapewa majibu ya jumla na kuyajaribu moja baada ya jingine kwenye mashine za watu.

Kuandika kuna hatari zake, na anayeanza azijue mapema. Nywila isiandikwe daftarini kamwe, wala ya mtumiaji wala ya ruta. Za mifumo ziwekwe kwenye programu maalumu ya kuhifadhia nywila ambayo ofisi inaimiliki, na za watumiaji hazimhusu fundi hata kidogo. Majina ya wagonjwa, mishahara, yaliyomo kwenye barua pepe ya mtu ambayo fundi ameiona akiitengeneza, yote hayo hayana nafasi kwenye kumbukumbu za hitilafu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata zisingekuwapo, fundi anayeaminiwa kukaa mbele ya skrini ya mwenzake anapaswa kuinuka na mdomo uliofungwa. Kuna na jambo dogo ambalo nalihesabu kubwa: dharau. Katika kazi hii kuna mazoea ya kumwandika mtumiaji kama chanzo, kwamba hajui kitu, kwamba kazidi kubonyeza. Maneno hayo hayamsaidii atakayesoma, na mara nyingi si kweli. Mama wa masjala aliyebonyeza ndiyo kwenye onyo alifanya hivyo kwa sababu kila siku anaonyeshwa maonyo ambayo fundi mwenyewe alimwambia ayapuuze. Liandikwe lililoonekana: onyo lipi, limebonyezwa nini, kikatokea nini. Kumbukumbu ikiandikwa kwa heshima, mtumiaji akiisoma hataona haya kupiga simu tena, na simu inayopigwa mapema ni afadhali kuliko hitilafu iliyofichwa wiki nzima.

Ofisi nyingi za mwanzo hazina mfumo wa tiketi, na hilo lisimcheleweshe mtu. Daftari la mistari la dukani linatosha kuanzia, kisha lahajedwali, kisha ikiwezekana programu huria kama GLPI au osTicket ambazo hazihitaji kununua leseni. Aandike kwa Kiswahili kama ndicho kinachosomwa na wenzake, na manukuu ya makosa ayaache katika lugha yake, herufi kwa herufi. Daftari hilo litamfaa hata akiomba kazi. Tanzania, usaili wa kazi za umma wa nafasi kama Afisa TEHAMA Daraja la II unaanza na mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa kada zinazohitaji, kisha mahojiano, na katika mahojiano swali la kueleza hitilafu uliyowahi kuishughulikia haliko mbali. Asiyekuwa na kumbukumbu hujibu kwa maneno ya jumla, kwamba aliwahi kutatua changamoto mbalimbali za mtandao. Mwenye daftari husema dalili ilikuwa nini, alikisia nini kwanza, kwa nini kisio lile lilianguka, na alithibitishaje la pili. Akiondoka ofisini humo, daftari lenyewe analiacha, pamoja na ramani ya soketi, orodha ya mashine na mwaka zilizonunuliwa, mikataba ya watoa huduma, na orodha ya vitu vilivyozimwa kwa muda ambavyo bado havijarudishwa. Hiyo ya mwisho aiweke juu ya nyingine zote, na amsomee anayempokea wakiwa wamekaa pamoja.